Nachingwea Isingoje Mgeni Aje Kuihifadhi

Katika mji wa Nachingwea iko kata iitwayo Stesheni. Gari la moshi halijafika hapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, reli zilikwisha ng'olewa, na mtoto wa shule anayekaa katika kata hiyo leo ana baba ambaye naye hakupata kuisikia filimbi ya gari hilo. Jina limebaki peke yake. Juma hili twaandika juu ya majina ya namna hii, yaliyobaki bila vitu vyake, na juu ya vitu vilivyobaki bila mtunzaji. Neno letu ni moja: kuutunza urithi wa Nachingwea ni kazi ya wenyeji, watu wa Stesheni, wa Naipanga, wa Mkotokuyana na wenzao wa Ruangwa, na yafaa waianze sasa kwa mikono yao wenyewe, kabla hajaja mtu kuwaeleza namna ya kuifanya.

Mji wa Nachingwea ulizaliwa na karanga. Mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na wakubwa wa London wakapata shauri la kuja kulima karanga katika Tanganyika. Walitaka kulima zaidi ya ekari milioni tatu kwa miaka sita, na sehemu kubwa ya mashamba hayo ingekuwa huku Kusini. Fedha iliyotajwa ilikuwa pauni milioni 25. Mwaka wa kwanza walisema watafyeka ekari 150,000. Walizopanda hazikufika 8,000, na hizo zilikuwa Kongwa. Walileta mitambo iliyotoka vitani, hata vifaru wakavigeuza matrekta. Mibuyu ikawashinda, udongo ukawashinda, mvua nayo haikuwa na habari na hesabu zao. Januari 1951 serikali ya London ikakubali ya kuwa mradi umekufa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimekwisha potea. Hakuna mkulima wa Kimwera aliyeulizwa neno kabla ya kazi hiyo kuanza. Angeulizwa, angaliwaambia bure.

Kwa ajili ya karanga ilijengwa reli kutoka pwani, na bandari ya kina kirefu pale Mtwara, ambayo ilifunguliwa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya karanga zenyewe kuzikwa. Bandari ingaliko na inafanya kazi. Reli haikupata mzigo wa kuilisha, ikafungwa.

Wako watakaosema: hayo ni makosa ya mkoloni, yaoze tu, yatuhusu nini? Sisi twasema yatuhusu sana. Ushahidi wa upumbavu wa mtawala ni mali ya mtawaliwa. Kwa miaka mingi tuliambiwa ya kuwa Mwafrika hajui kulima wala kupanga, na mpango mkubwa kuliko yote uliopangwa na waliotuambia hivyo ulianguka hapa, juu ya ardhi hii, mbele ya macho ya wazee wetu. Msingi wa saruji uliobaki kichakani ni sawa na karatasi ya korti. Mtu mwenye akili haichani karatasi iliyompa haki.

Tena yaliyofuata yana uzito kuliko hayo. Mashamba ya mradi yalikuwa yakiitwa kwa namba, na moja kati yao watu wote wa huko wanalijua kwa jina la Farm 17. Mwaka 1965, baada ya kutoka Kongwa, FRELIMO waliweka hapo kambi yao kubwa ya mafunzo. Chama chao kilikuwa kimeundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na vita vyao na Mreno vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Filipe Samuel Magaia, mkuu wao wa ulinzi, alipouawa mwaka 1966, nafasi yake ilishikwa na Samora Machel, na Nachingwea ikawa ndipo mahali alipowakuzia wapiganaji wake. Mwaka 1967 walikuja hapo wasichana 25, wa kwanza katika kikosi cha wanawake, wakafundishwa bunduki na siasa sawasawa na wanaume, wakati ambapo majeshi mengi ya mataifa makubwa yalikuwa hayajathubutu kufanya hivyo. Wakufunzi wengine walitoka China. Septemba 1974 Mreno alitia sahihi mjini Lusaka. Mei 1975 Samora akavuka Ruvuma na kuanza safari ya mwezi mzima hadi mji mkuu wa nchi yake, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Fikirini jambo hili. Shamba lilelile lililomshinda Mwingereza kwa karanga ndilo lililozaa jeshi lililomshinda Mreno. Mahali pa namna hiyo katika Afrika nzima ni pachache. Katika Maputo kiko chuo kikuu chenye jina la Nachingwea. Katika Nachingwea yenyewe, jina la Farm 17 limebebwa na shule ya sekondari, na hilo ni jambo jema, maana shule ni mtunzaji bora kuliko kufuli. Lakini mwanafunzi aketiye darasani hapo akiulizwa hiyo 17 ni hesabu ya nini, atajibiwa na nani?

Hapa ndipo penye haraka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1965 leo amepita 80. Mwanamke aliyewauzia mihogo wapiganaji, fundi aliyewashonea, dereva aliyeendesha lori la silaha usiku bila taa, mlinzi aliyejua njia za msituni, jumbe wa nyumba kumi aliyeambiwa afunge mdomo wake na akaufunga kweli: hawa ndio maktaba ya Nachingwea, na kila masika maktaba hiyo hupungua rafu. Habari za wakubwa zimeandikwa. Mradi uliopewa jina la Brigedia Jenerali Hashim Mbita, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya OAU, ulitoa mwaka 2014 vitabu tisa vinene juu ya vita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Ni kazi ya heshima, nasi twaisifu. Lakini mwenye kuuza mihogo hakai sana katika vitabu vinene. Atakaa katika daftari la mjukuu wake, au hatakaa popote.

Wengi hudhani ya kuwa Serikali imekwisha kuyalinda mahali hapa kwa sheria. Na wasome sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Msikiti wa kale wa Kilwa umo. Stesheni ya mwaka 1949 haimo. Kambi ya mwaka 1965 haimo. Jengo la miaka hiyo laweza kulindwa ikiwa Waziri atalitangaza, na Waziri hawezi kutangaza asichokijua, wala hakiombi mtu asiyekuwako. Kweli, tangu mwaka 2005 UNESCO na nchi za Afrika zina mpango wa urithi wa ukombozi, na Tanzania ndiyo iliyopewa kuuratibu. Mpango huo twautakia heri. Lakini mpango ulioko Dar es Salaam haumzuii mtu wa Nachingwea kupakia matofali ya zamani katika mkokoteni siku ya Jumamosi. Anayeweza kumzuia ni jirani yake.

Tena siku hizi si mtu wa mkokoteni tu. Huko Ruangwa yanachimbwa madini ya kinywe, viwanja vinapimwa, barabara zinapanuliwa, tingatinga zinarudi katika nchi hii mara ya pili. Hatuzipingi. Watu wa Kusini wamengoja barabara muda mrefu kuliko wanavyostahili. Twasema tu ya kuwa mwenye tingatinga hupita mahali palipo wazi katika ramani yake, na mahali pasipoandikwa kitu huonekana wazi. Na wanunuzi wa vyuma chakavu nao hawaulizi habari za chuma, wanauliza uzito.

Je, liko jambo ambalo watu wa kawaida wameweza kulifanya? Liko, wala si mbali. Watazameni ndugu zetu wa Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Mjerumani aliwanyonga hapo mashujaa wa Majimaji, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji unachukua jina lake, naye alinyongwa. Watu wa Songea hawakungoja waambiwe. Wazee walishika tarehe, walishika makaburi, wakawafundisha watoto majina. Makumbusho yao yalianza mwaka 1980 kwa nguvu za mkoa wenyewe, na ni miaka mingi baadaye ndipo Makumbusho ya Taifa yakayapokea. Leo ikifika Februari viongozi wa nchi husafiri kwenda Songea. Kumbukeni nani alitangulia na nani alifuata. Na watu wa Nachingwea wanayo Majimaji yao pia, maana misheni ya Nyangao iliteketezwa mwaka 1905 na nchi ya Wamwera iliadhibiwa kwa njaa kama nchi ya Wangoni. Lakini ni tarehe gani inayoshikwa huku?

Watazameni tena watu wa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Magofu yao yaliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, na kuandikwa huko hakukuyaokoa: bahari iliendelea kula kuta, mizizi ikapasua mawe, na mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Yalitoka katika orodha hiyo mwaka 2014. Fedha za wageni zilisaidia, hatukatai. Lakini kazi iliyobaki baada ya wageni kupanda ndege ilikuwa ya wanakijiji: kamati zao za magofu, vijana wao waliofundishwa uashi wa chokaa, mikoko waliyoipanda kuzuia mawimbi. Ukuta wa chokaa hautaki hotuba. Wataka mtu anayepita kila juma na kung'oa mche wa mtini ungali mdogo kama kidole.

Mikindani ni habari ya tatu, nayo ina pande mbili. Boma la Mjerumani, lililojengwa mwaka 1895, lilikuwa gofu, likakarabatiwa na shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid, likawa hoteli na mahali pa vijana kujifunza kazi. Jengo limesimama, vijana wamepata ajira, na atakayewatukana waliofanya kazi hiyo hana adabu. Hata hivyo hatuoni fahari ya kuwa boma lililojengwa na mgeni mmoja ili atutawale likaja kuokolewa na mgeni mwingine, nasi tukitazama. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji akae kitandani mpaka mgeni aje.

Sasa tuyajibu maneno ambayo yatasemwa vijiweni mara gazeti hili litakapofika.

La kwanza ni hili: watu wanataka maji, zahanati na bei nzuri ya korosho, ninyi mnatuletea habari za matofali. Twakubali ya kuwa maji ni kwanza. Diwani atakayechukua fedha ya kisima akajengea mnara wa ukumbusho, sisi tutakuwa wa kwanza kumwandika kwa ubaya. Lakini kazi tunayoitaja haiombi fedha ya kisima. Daftari, kalamu, simu ya mkononi inayorekodi sauti, na saa mbili za jioni barazani kwa mzee. Mwalimu anaweza kuifanya na wanafunzi wake. Kikundi cha akina mama kinachokutana kwa kuweka na kukopa chaweza kuifanya kabla ya kuhesabu hisa.

La pili husemwa na watu wanaotaka kutupendeza: ya kuwa watalii watakuja, mji utatajirika. Ndugu, msiwadanganye watu. Nachingwea i mbali na Dar es Salaam, na mtalii anayetafuta simba na pwani hatazunguka huko kuona msingi wa saruji. Watakuja wachache: watu wa Msumbiji wanaotafuta nyayo za baba zao, wasomi, vijana wa shule za mikoa mingine. Wapokeeni vizuri na wauzieni chakula. Lakini kikundi kilichoundwa kwa tamaa ya watalii huvunjika mwaka wa pili, watalii wasipoonekana, na kila mwenye ofisi hubaki na muhuri wake. Undeni vikundi kwa sababu jambo ni lenu.

La tatu ndilo zito. Wako wanaolima katika maeneo hayo, na wana haki ya kuogopa. Wameona mahali pengine ya kuwa neno "hifadhi" likitamkwa na mtu mwenye gari, mwenye jembe huhama. Twasema wazi: urithi wa ukombozi hauwezi kuwa sababu ya kumfukuza mkulima. Wapigania uhuru walikaa hapa kwa ukarimu wa wakulima. Jengo liwekewe alama, kisima cha kambi kiwekewe alama, njia ipimwe, na mbaazi ziendelee kupandwa pembeni. Ndiyo maana tunataka wenye kuamua wawe wenyeji, katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa kura ya wazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji uwezo wa kutenga eneo kwa matumizi ya wote, na halmashauri ya kijiji yaweza kutunga sheria ndogo na kuipeleka wilayani ikubaliwe. Uwezo upo mikononi mwenu. Usipotumika, mwingine atautumia kwa niaba yenu.

Liko na jambo jingine, ambalo wengi wangependa tulipite kimya. Nachingwea haikuwa na nyimbo za ushindi tu. Mwaka 1975, Uria Simango, ambaye alikuwa Makamu wa Rais wa FRELIMO, aliletwa huko pamoja na wengine waliotuhumiwa usaliti, akasimamishwa mbele ya watu asome maungamo. Hakupata kuwa huru tena. Aliuawa baadaye kwa siri katika Msumbiji, bila ya hukumu ya korti. Wako wazee wanaokumbuka siku zile. Waulizwe pia, na majibu yao yaandikwe kama walivyoyasema, bila kalamu ya mtu mwingine kuyalainisha. Chama chochote, na hiki chetu kimo, kikipewa kazi ya kuandika historia peke yake kitaandika sikukuu. Hii ni sababu nyingine ya kutaka kazi iwe ya vikundi vya wenyeji, vyenye watu wa dini zote na vyama vyote na wasio na chama, ambao hawatafuti cheo ndani yake.

Kwa hiyo twawaambia wanachama wetu wa Nachingwea na Ruangwa: msikigeuze kikundi cha urithi kuwa tawi. Ingieni kama majirani. Bendera ibaki ofisini. Mkitaka kusaidia, bebeni mawe, lipeni nauli ya mzee anayekwenda kuonyesha mahali ambapo bweni la wasichana wale wa mwaka 1967 lilikuwapo, kwa maana yeye ndiye anayejua mti.

Na kwa Halmashauri ya Wilaya twaomba mambo machache yasiyo na gharama. Kila ramani ya viwanja vipya ionyeshwe kwa wazee wa kata kabla ya kutiwa muhuri. Majengo ya zamani ambayo yanatumika kama madarasa, maghala au nyumba za watumishi yaendelee kutumika, yapigwe chokaa, yazibwe paa. Jengo lenye watu ndani hudumu kuliko jengo lililofungwa na kuachiwa mchwa. Barua ya kumwomba Waziri aitangaze Farm 17 iandikwe na Halmashauri pamoja na wananchi, na nakala yake ibandikwe ubaoni ili kila mtu ajue imepelekwa lini na imejibiwa lini.

Ufuta ukishavunwa na kabla ya korosho kuanza kudondoka, watu wa Kusini huwa na majuma machache ya kupumua. Kazi ya madaftari yaweza kuanzia hapo. Na aanze mwalimu mmoja wa Mkotokuyana, au wa Stesheni, na wanafunzi watano, na mzee mmoja aliyewahi kupanda gari la moshi kwenda Mtwara, wamwulize nauli ilikuwa senti ngapi.